Mwanasaikolojia wa uzazi: Mtoto kapimwa uzito, mama kaulizwa nini?

NENDA katika kliniki yoyote ya mama na mtoto hapa mjini asubuhi ya siku ya chanjo. Utakuta foleni ya akina mama, kila mmoja ana mtoto mgongoni au kifuani, na kadi mkononi. Mtoto atavuliwa nguo, atawekwa kwenye mizani, uzito utaandikwa kwenye kadi, atachomwa sindano ya wiki ya sita, ya kumi au ya kumi na nne, kisha mama ataambiwa tarehe ya kurudi. Hii ni kazi nzuri na imeokoa watoto wengi. Lakini hebu tujiulize: katika muda wote huo mama mwenyewe kaulizwa nini? Nani kamuuliza kama analala, kama anakula, kama akimtazama mwanawe anaona furaha au anaona mzigo usiobebeka?

Mimi ni mwanasaikolojia tiba, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu ni kuuliza swali hilo. Nawahudumia wajawazito, wanawake waliojifungua, waliopoteza mimba au kuzaa mtoto asiye na uhai, na wale wanaotafuta mtoto mwaka baada ya mwaka bila kupata. Mara kwa mara wazazi hunijia na kuniuliza: "Binti yetu kamaliza kidato cha sita, anasema anataka kusoma saikolojia. Atakula nini huyu?" Wengine huuliza kwa sauti ya chini kama kazi yangu ni kutibu vichaa. Makala haya nayaandika kuwajibu wazazi hao, na kuwaeleza vijana wetu juu ya fani ambayo jamii inaihitaji sana hali ya kuwa wanaoijua ni wachache.

Fani hii ni ipi?

Kwanza tutofautishe majina, maana watu huyachanganya. Daktari wa magonjwa ya akili ni mtu aliyesoma udaktari, kisha akabobea katika maradhi ya akili. Huyu anaandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hakusoma udaktari. Amesoma namna akili ya mwanadamu inavyofanya kazi, inavyoumia na inavyopona. Silaha yake ni vipimo na mazungumzo ya tiba yenye utaratibu maalumu. Hatoi vidonge, lakini anapaswa kujua ni lini mgonjwa wake anahitaji vidonge na kumpeleka haraka kwa anayehusika.

Mwanasaikolojia wa uzazi anashughulika na kipindi cha kuanzia mimba inapotungwa hadi takriban mwaka mmoja baada ya kujifungua. Wengine hupanua eneo lao likawa afya ya uzazi kwa jumla, ikiwemo matatizo yanayoambatana na hedhi, ugumba, mimba kuharibika, fistula na kukoma hedhi.

Katika kipindi cha baada ya kujifungua kuna hali tatu ambazo kila nyumba inapaswa kuzijua. Ya kwanza ni majonzi ya siku za mwanzo. Siku ya tatu au ya nne mzazi analia bila sababu, anakasirika upesi, kisha anacheka. Hali hii huwapata wengi, nusu ya wazazi au zaidi, na huondoka yenyewe ndani ya wiki mbili akipata usingizi na watu wa kumsaidia. Haya si maradhi.

Ya pili ni sonona. Hii haiondoki kwa wiki mbili. Mama anapoteza hamu ya kila kitu, hawezi kulala hata pale mtoto anapolala, anajiona hafai kuwa mama, anahisi mwili mzito kama kabeba gunia. Wapo wanaoanza kuumwa hivi tangu mimba ikiwa changa, na nyumbani hudhaniwa ni uvivu au deko la mimba.

Ya tatu ni kichaa cha uzazi. Huwapata mama mmoja au wawili katika kila wazazi elfu moja, na aghalabu huanza ghafla katika wiki mbili za kwanza. Mama halali kabisa, anasikia sauti, anaamini mambo ya ajabu juu yake au juu ya mtoto. Hii ni dharura kama ilivyo dharura kutokwa na damu nyingi. Mgonjwa huyu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto hata kwa dakika chache.

Hata sheria zetu zinalitambua jambo hili. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 199, inazungumzia mama anayesababisha kifo cha mwanawe aliye chini ya umri wa miezi kumi na miwili hali akili yake imevurugika kwa kuwa hajapona athari za kuzaa. Sheria inalitenga kosa hilo na kosa la mauaji ya kukusudia. Kenya nayo ina kifungu cha namna hiyo, cha 210. Basi ikiwa mtunga sheria amekiri kwamba uzazi waweza kuivuruga akili, kwa nini sisi tusubiri hadi msiba ufike mahakamani?

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya wajawazito mia moja duniani, kiasi cha 10 wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Na kati ya waliojifungua ni 13. Katika nchi zinazoendelea, makadirio hayo yanapanda hadi karibu 16 wakati wa ujauzito na karibu 20 baada ya kujifungua. Yaani, katika foleni ya kliniki yenye akina mama ishirini, huenda wanne kati yao wanaumwa na wanarudi nyumbani na kadi ya mtoto tu.

Na tusidhani kwamba ni jambo la wanawake peke yao. Uchunguzi uliojumuisha tafiti nyingi na kuchapishwa Marekani mwaka 2010 ulikuta kwamba baba mmoja kati ya kumi hivi huonesha dalili za sonona katika kipindi hicho cha mimba na baada ya mtoto kuzaliwa. Baba huyo kwetu hasemi. Utamwona tu anachelewa kurudi nyumbani, au anagombana kila siku na watu wa kazini.

Somo lililopitia Uganda

Wapo wanaodhani kuwa fani hii imeshushwa kutoka Ulaya, haituhusu. Hebu tuitazame historia.

Ni kweli kwamba mwaka 1858 daktari wa Kifaransa, Louis-Victor Marcé, alichapisha kitabu juu ya wendawazimu wa wajawazito, wazazi na wanaonyonyesha. Lakini kipimo kinachotumika zaidi duniani leo kuwatambua mama wenye sonona kina mzizi hapa Afrika Mashariki. Miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, alifanya kazi Makerere na kuwachunguza wajawazito wa Kasangati, nje ya Kampala. Huko akakuta kwamba Waganda wana jina lao la kale la maradhi ya akili ya mzazi, amakiro, na kwamba watu waliyanasibisha maradhi hayo na mwenendo mbaya wa mama wakati wa mimba. Ni yale yale ya kwetu: mgonjwa anaumwa, na juu yake anatupiwa lawama.

Cox aliporudi Uskochi akawalinganisha wanawake wa huko na wale wa Uganda, na mwaka 1987 yeye pamoja na Jenifer Holden na Ruth Sagovsky wakachapisha kipimo cha Edinburgh. Kina maswali kumi tu. Kila swali lina alama kuanzia sifuri hadi tatu, jumla yake ni thelathini. Mama anaulizwa juu ya siku saba zilizopita: kama ameweza kucheka, kama anajilaumu pasipo sababu, kama hofu humjia, kama analia. Swali la kumi ni zito kuliko yote, nalo linauliza kama wazo la kujidhuru limemjia. Kipimo hiki hakitoi hukumu. Ni kengele tu ya kumwambia mhudumu kwamba hapa kaa chini, zungumza na huyu.

Nasi hapa hatukubaki watazamaji. Mwaka 2002 watafiti wa Muhimbili, akiwemo Profesa Sylvia Kaaya, walishiriki kuchapisha utafiti uliopima dodoso la dalili za sonona kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI, na mwaka 2008 wakachapisha kipimo cha maswali 19 kilichotungwa kwa namna watu wa hapa wanavyoyaeleza maumivu yao. Hili lina maana kubwa. Mama wa Temeke au wa Kisauni haji kusema "nina sonona." Atasema: "Nina mawazo mengi," au "moyo mzito," au "kichwa kinaniwaka moto." Asiyejua lugha hiyo atamwandikia dawa ya maumivu ya kichwa na kumwaga kwaheri.

Njia ya kuifikia

Sasa nije kwa kijana anayetaka kujua njia. Mimi nilianza kwa shahada ya kwanza ya saikolojia. Nyumbani palikuwa na mjadala mrefu. Baba yangu, Allah amrehemu, alitaka niwe mwalimu kwa hoja kwamba mwalimu hakosi kazi. Shangazi yangu alihofia kuwa nikikaa na wagonjwa wa akili nami nitaambukizwa. Niliwajibu kwa upole kwamba maradhi haya hayaambukizi kwa kukaa na mtu, nikaendelea na masomo.

Hatua ya kwanza, basi, ni shahada hiyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaifundisha, na vipo vyuo vingine katika nchi zetu. Humo utasoma ukuaji wa mtoto, kumbukumbu, hisia, tabia, na takwimu. Msizikimbie takwimu! Bila hesabu hizo hutajua kama tiba unayotoa inafaa au unajidanganya.

Hatua ya pili ni shahada ya uzamili katika saikolojia tiba. Hapa ndipo mtu anapoacha kuwa msomi wa saikolojia akawa mtabibu. Chuo cha Muhimbili kinayo, Chuo Kikuu cha Nairobi kinayo, Makerere nako ipo. Katika hatua hii unakaa na wagonjwa chini ya usimamizi wa waliokutangulia. Kila unachokifanya unakijadili na msimamizi, naye hukukosoa hadi uive.

Ni katika mafunzo hayo ya vitendo ndipo nilipojua kazi yangu iko wapi. Katika wodi ya wagonjwa wa akili nilikuta wanawake walioletwa wakiwa wamefungwa kwa kanga, wanapiga kelele, na vifuani mwao nguo zimelowa maziwa. Faili lilisema "amechanganyikiwa." Halikusema kwamba mwanamke huyu kajifungua siku tisa zilizopita. Hakuna aliyeuliza mtoto yuko wapi na ananyonya nini. Wodi ya wazazi ilimruhusu kwa kuwa kidonda kimekauka, wodi ya akili ikampokea kama mgonjwa mwingine yeyote, na katikati ya milango hiyo miwili hapakuwa na mtu. Nikasema, mimi nitasimama hapo katikati.

Hatua ya tatu, kwa hiyo, ni kujifunza mambo ya uzazi yenyewe. Mwanasaikolojia wa uzazi asiyejua kifafa cha mimba ni hatari, kwa sababu mama aliyechanganyikiwa huenda ana presha au maambukizi ya damu yanayohitaji daktari sasa hivi. Anapaswa kujua kwamba upungufu wa damu na matatizo ya tezi la shingo huleta uchovu na huzuni inayofanana na sonona. Mimi nilikaa na wakunga miezi mingi. Nikawaona wakizalisha usiku kucha, nikajifunza kwao mengi ambayo darasani hayakuwepo.

Hatua ya nne ni kuitambua sheria ya kazi. Kenya, kwa mfano, ilipitisha sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014, na kuna bodi inayowasajili. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inayohusu matunzo na haki za wagonjwa. Kijana anayeingia katika fani hii azisome kabla hajatundika kibao mlangoni.

Na ajira? Nitasema ukweli. Nafasi za mwanasaikolojia katika hospitali ni chache, na mshahara wake si wa kumtajirisha mtu. Lakini milango haipo hospitalini tu. Wanasaikolojia wanahitajika katika huduma za kuzuia maambukizi ya VVU toka kwa mama kwenda kwa mtoto, katika kliniki za ugumba, katika wodi za watoto njiti, katika tiba ya fistula, katika utafiti na katika kufundisha wakunga. Kule KCMC mjini Moshi ulifanyika utafiti wa kuwapa wagonjwa wa fistula vikao sita vya tiba ya saikolojia, vikiongozwa na muuguzi aliyefunzwa, wakati wakisubiri na kuuguza upasuaji. Tundu linazibwa na daktari, lakini miaka ya kutengwa na watu haishonwi kwa uzi.

Kazi yenyewe ikoje

Nitoe mfano. Nimeuchanganya kutokana na akina mama wengi ili asitambulike yeyote, maana siri ya mgonjwa ni amana.

Mama amezaa mtoto wa tatu. Wiki ya pili anaacha kuzungumza. Anamnyonyesha mtoto akiangalia ukutani. Mkwe anasema ni jini. Wifi anasema ni husda ya jirani. Fedha zinatoka, kombe linanyweka, anafukizwa, na wiki ya saba analetwa kwangu akiwa amekonda. Mumewe ananiambia mlangoni: "Dokta, huyu ameacha hata kumtazama mtoto."

Kikao cha kwanza huwa sitoi mawaidha. Nauliza, nasikiliza. Nataka kujua mimba ilikuwaje, uzazi ulikuwaje, nani anamsaidia usiku, kama aliwahi kuumwa hivi kabla, kama nyumbani kuna ugomvi au kipigo. Swali la kujidhuru naliuliza waziwazi. Watu wengi huogopa kwamba kumuuliza mtu ni kumfundisha. Sivyo. Aghalabu anayeulizwa hupumua, kwa kuwa kapata wa kumwambia.

Kisha tunaanza kazi. Tunayatoa yale mawazo yanayojirudia kichwani, moja baada ya jingine, na kuyapima. "Mimi ni mama mbaya." Ushahidi uko wapi? Mtoto ananyonya, ni msafi, uzito unapanda. Nani aliyefanya hayo? Baada ya hapo tunapanga kitu kimoja kidogo cha kufanya kila siku: kuoga kabla ya adhuhuri, kukaa barazani robo saa, kumkanda mtoto huku akimzungumzisha. Mtu akisubiri moyo uwe mwepesi ndipo afanye, atasubiri sana. Anafanya kidogo kidogo, na moyo unafuata.

Sambamba na hilo naiita familia. Hapa ndipo penye kazi ngumu kuliko zote. Bibi wa watu ataniambia: "Mwanangu, mimi nimezaa tisa, huo ugonjwa sikuuona." Nami humjibu: "Ni kweli bibi, na nani alikuwa akikupikia uji? Nani alikukanda? Nani alilala na wewe chumbani siku arobaini?" Hapo atawataja watu sita. Huyu mke wa mjukuu wake anaishi chumba kimoja cha kupanga, mama yake yuko mkoani, mume anatoka alfajiri anarudi saa nne usiku. Arobaini imebaki jina, wale watu sita hawapo.

Wengi hupona. Si kwa siku moja, lakini hupona, na ndiyo raha ya kazi hii.

Somo kutoka Pakistan

Msomaji atauliza: wanasaikolojia wenyewe ni wachache, tutawafikia vipi akina mama wote hao? Jibu lilipatikana katika nchi ya Waislamu wenzetu. Katika vijiji vya wilaya ya Rawalpindi, Pakistan, daktari Atif Rahman na wenzake walichukua wahudumu wa afya wa kike wa vijijini, watu wenye elimu ya sekondari tu, wakawapa mafunzo mafupi ya siku chache juu ya namna ya kumsaidia mama mwenye sonona. Mhudumu anakwenda nyumbani kwa mama vikao 16, kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba, na anamfundisha kuyatambua mawazo yanayomwangusha na kuyabadili.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walikuwepo mama 903 wenye sonona kutoka maeneo 40. Nusu ya maeneo walitembelewa na wahudumu waliofunzwa, nusu nyingine walitembelewa idadi ile ile ya mara na wahudumu wasiofunzwa tiba hiyo. Mtoto alipofika miezi sita, waliobaki na sonona katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 23, na katika kundi la pili asilimia 53. Watoto wa kundi la kwanza waliharisha mara chache zaidi na wengi zaidi walikamilisha chanjo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likautoa mwongozo huo kwa dunia nzima.

Funzo lake ni nini? Ni kwamba kijana wetu akisomea fani hii, faida yake haiishii kwa wagonjwa anaowaona kwa macho yake. Akiwafunza wakunga ishirini na kuwasimamia vizuri, amewafikia mama wa kata nzima.

"Haya si mambo yetu"

Nimalizie na pingamizi ninazozisikia zaidi katika jamii yetu ya Kiislamu. Ya kwanza ni kwamba saikolojia ni elimu ya kigeni. Wanaosema hivyo hawamjui Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934. Mwanachuoni huyu aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kuushughulikia mwili na kuisahau nafsi. Alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomshukia mtu pasipo sababu ya wazi, akaeleza kuwa kila moja ina tiba yake. Na hospitali ya Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Elimu hii ilikuwa ndani ya nyumba yetu.

Pingamizi la pili ni kwamba mwenye imani hapatwi na sonona. Hili linawaumiza sana akina mama, kwa kuwa mgonjwa anaongezewa na tuhuma ya kukosa dini. Turejee kisa cha Bi Maryam kama kinavyosimuliwa katika sura yenye jina lake. Uchungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende alitamani kuwa angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Je, alikemewa? Alitulizwa asihuzunike, akaoneshwa maji na tende mbichi, akaambiwa ale na anywe, na akapewa ruhusa ya kutozungumza na watu siku ile. Maliwazo, chakula, maji, na kukingwa na maneno ya watu. Mimi katika kazi yangu bado sijaona mpango wa mwanzo wa kumhudumia mzazi ulio bora kuliko huo.

Pingamizi la tatu ni kwamba kisomo kinatosha. Sikipingi kisomo, na simwambii mgonjwa wangu aache dua. Ninachosema ni kwamba dua na dawa havigombani. Anayemsomea mgonjwa na kumwambia aende pia hospitali amemsaidia mara mbili. Anayemsomea na kumzuia hospitali amebeba dhima. Tena liko jambo dogo ambalo masheikh na maustadhati wetu wanaweza kulifanya: mzazi aliye katika nifasi haswali wala hafungi, na wapo wanaohisi kwamba mlango wa ibada umefungwa kwao wiki zote hizo, huzuni ikazidi. Waelezwe kwamba dhikri na dua hazikufungwa.

Nini kifanyike

Kwa mzazi mwenye kijana anayependa saikolojia: usimvunje moyo. Muulize kama anaweza kusikiliza bila kukatiza, kutunza siri bila kuteleza, na kukaa na anayelia bila kukimbilia kumnyamazisha. Akiwa nazo hizo, mengine atafundishwa. Na vijana wa kiume nao waingie, maana wapo akina baba wasioweza kumfungulia moyo mwanamke.

Kwa vyuo na shule zetu za Kiislamu: fundisheni wasichana na wavulana kwamba fani hii ipo. Wengi wamezoea kuisikia njia ya udaktari, uanasheria na uhasibu tu.

Kwa wauguzi wa kliniki: mkimaliza kumpima mtoto, mwangalieni mama usoni, mwulizeni analala vipi mtoto akilala. Swali hilo halihitaji bajeti ya serikali.

Kwa mume: mkeo akijifungua, hesabu wiki mbili. Ikiwa baada ya hapo bado analia, halali, hali, hamtaki mtoto, usingoje arobaini itimie. Mpeleke hospitali. Akianza kusikia sauti au kusema maneno yasiyo na mpangilio, usingoje hata kesho.

Na kwako dada unayesoma makala haya huku umempakata mwanao, na machozi yanakutoka bila kujua sababu: hukulaaniwa, huna dini pungufu, wala si mama mbaya. Unaumwa, na maradhi yako yana jina, yana tiba, na wapo walioyasomea. Mwambie mtu mmoja leo.